Kwa Nini Dirhamu Imetulia na Shilingi Huyumba: Jibu kwa Mfanyabiashara wa Mombasa

Msomaji mmoja anayeuza vipuri vya magari mjini Mombasa ameniandikia hivi: «Assalam aleikum Profesa. Mali yangu huiagiza Dubai. Januari 2024 nilikuwa na ankara ya dola 20,000 ya kulipwa mwezi wa tatu. Kila niliyemuuliza aliniambia dola itafika 200, basi nikakopa, nikanunua mapema kwa shilingi 160. Mwisho wa Machi jirani yangu alinunua kwa 131. Muda wote huo dirhamu ilikuwa palepale, kama nilivyoikuta nilipoanza biashara. Je, Benki Kuu yetu ilishindwa wapi? Na kwa nini serikali isipange bei moja ya dola kwa sheria, mambo yakaisha?»

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa hasara hiyo. Tofauti ya shilingi 29 kwa dola 20,000 ni shilingi 580,000, na hapo riba ya mkopo wako sijaigusa. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu mtu asipoelewa kinachoishikilia dirhamu hataelewa kilichoiangusha shilingi.

Ni kweli kwamba dola moja imekuwa sawa na dirhamu 3.6725 tangu mwaka 1997. Riyali ya Saudia imesimama kwenye 3.75 tangu 1986, na ya Omani haijasogea tangu mwaka huohuo. Lakini bei hizo hazishikiliwi na sheria wala na askari. Zinashikiliwa na ahadi ya benki kuu kwamba benki yoyote itakayopeleka dirhamu itapewa dola kwa bei ileile, leo, kesho na mwaka ujao, na ahadi hiyo inaaminika kwa sababu kila mtu anajua kuwa dola zipo. Mafuta huuzwa kwa dola, mapato yake huingia mikononi mwa serikali yenyewe, na Abu Dhabi imeyaweka akiba kwa miongo kadhaa katika mifuko mikubwa ya uwekezaji nje ya nchi. Novemba 2009, kampuni ya Dubai World, inayomilikiwa na serikali ya Dubai, ilipoomba wadai wake waisubiri, wengi walidhani dirhamu imefika mwisho wake. Desemba hiyo Abu Dhabi ilitoa dola bilioni 10, na bei ya dirhamu ikabaki ilivyokuwa.

Jambo ambalo mfanyabiashara anayepita Dubai halioni ni kwamba utulivu huo una gharama, nayo hulipwa kwa riba. Marekani ilipoanza kupandisha riba yake Machi 2022 kutoka karibu sifuri, mpaka ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, benki kuu ya Falme za Kiarabu iliifuata hatua kwa hatua, hata kama uchumi wa nyumbani haukuhitaji riba ya juu. Mwaka 2007 na 2008 hali ilikuwa kinyume. Marekani ilikuwa ikishusha riba ili kuziokoa benki zake, wakati Dubai kodi za nyumba zilipanda kila kukicha na mfumuko wa bei ukapita asilimia 10. Dawa ya kawaida ya homa ya namna hiyo ni kupandisha riba, lakini benki kuu yao ilikuwa imejifunga mikono, kwa kuwa riba inayopishana sana na ya Marekani ingevuta au kufukuza fedha nyingi kiasi cha kuvunja ahadi ya 3.6725. Kuwait iliiona gharama hiyo ni kubwa mno, na Mei 2007 ikaacha kufungamana na dola peke yake.

Robert Mundell na Marcus Fleming, wachumi wa miaka ya 1960, ndio walioweka msingi wa kanuni tunayoifundisha mpaka leo. Nchi hutamani mambo matatu: bei ya fedha isiyobadilika, uhuru wa mitaji kuingia na kutoka, na uwezo wa kupanga riba kwa kadiri ya mahitaji ya nyumbani. Inaweza kupata mawili tu. Falme za Kiarabu zimechukua mawili ya kwanza na kuachia la tatu, na Kenya imechukua mawili ya mwisho na kuachia la kwanza. Bei ya kisheria unayoipendekeza, kwa nchi isiyo na hazina ya mafuta na isiyotaka kukabidhi riba yake kwa Washington, ina maana ya kufunga mlango wa fedha na kuweka mlinzi. Sisi Watanzania, wa upande wa kusini wa mpaka, tumewahi kuishi katika nyumba hiyo.

Nilikulia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alfajiri mama alinituma duka la kaya, la mgao wa serikali, na daftari lililoandikwa idadi yetu nyumbani, na kwa kuwa mtoto hawezi kusimama saa tano, niliweka jiwe kwenye foleni kushika nafasi yangu, kama walivyofanya wenzangu. Mara nyingi mche wa sabuni uliisha kabla jiwe langu halijafika mlangoni. Lakini sabuni ilikuwepo. Ilipita mpaka wa Horohoro usiku ikitokea Kenya, ikauzwa nyuma ya nyumba za watu kwa bei ambayo mshahara wa baba haukuiweza. Bei ya serikali ilikuwa ndogo na dukani hapakuwa na kitu, bei ya mlanguzi ilikuwa kubwa na mali ilikuwepo. Tulijifunza mapema ipi kati ya hizo ilikuwa bei ya kweli.

Mwaka 1980 dola ilikuwa shilingi 8 na senti kidogo kwa bei ya serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, vita vya Kagera vilikuwa vimekomba akiba, na mafuta yalikuwa yamepanda bei 1979. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu Nyerere alikataa, akauliza ni lini shirika hilo limegeuka kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Swali lake lilikuwa la haki, na mpaka leo sijasikia jibu linaloniridhisha, kwa sababu masharti yale yalipangwa na watu ambao hawakuwahi kuweka jiwe kwenye foleni yoyote. Lakini haki ya swali haikuongeza dola hata moja kwenye akiba, na wakati mabishano yakiendelea aliyekuwa akilipa gharama ni mkulima.

Chukua mkulima wa korosho wa Mtwara. Korosho zake ziliuzwa nje kwa dola, dola zikabadilishwa kwa bei ya serikali, naye akalipwa kwa hesabu hiyo. Alipotaka shati au jembe alivikuta kwa bei ya mtaani, iliyofuata dola ya magendo, ambayo kufikia katikati ya muongo huo ilikuwa imepita ya serikali mara kadhaa. Kila dola aliyoiletea nchi alitozwa kodi ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote. Mwaka 1973/74 nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 ilibaki sehemu ndogo tu ya hizo. Kuhamishiwa vijijini, mbali na mikorosho, na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana, nami sitaki kuibebesha bei ya fedha lawama yote. Lakini ilimnyima mkulima sababu ya kuirudia mikorosho yake. Ndivyo bei ya kulazimisha inavyofanya kazi: kwanza humpunja aletaye dola, naye huacha kuzileta au huzipitisha njia za panya, kisha uhaba ulioanza kama hofu unakuwa uhaba wa kweli.

Serikali ilijaribu nguvu. Mwaka 1983 ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa na mali zikafukiwa mashambani, na maduka yakazidi kuwa matupu. Mwaka uliofuata dola ilipandishwa hadi shilingi 17, na wenye dola zao waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Hapo ndipo sabuni ilipoanza kurudi mchana kweupe. Mwaka 1986, chini ya Mzee Mwinyi, dola ilipelekwa hadi 40 na kuendelea kupandishwa polepole, na kuanzia 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakaruhusiwa. Shilingi ilidhoofika kwenye karatasi, lakini kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu iliweza kununua kitu dukani.

Sasa turudi Mombasa. Mwaka 2014 Kenya iliuza nje hatifungani, yaani hati ya mkopo, ya dola bilioni 2 kwa riba ya asilimia 6.875, mtaji wote ulipwe kwa mkupuo Juni 2024. Wakati huo ilikuwa rahisi kudhani kwamba siku ya kulipa ikifika nchi itakopa tena na kumlipa mdai wa kwanza. Kisha ikaja korona, ukaja ukame, ikaja vita ya Ukraine, na riba ya Marekani ikapanda mpaka wakopeshaji wakaona hawana haja ya kuhangaika na Afrika. Zambia iliacha kulipa wadai wake wa nje Novemba 2020, Ghana ikafuata Desemba 2022. Mwishoni mwa 2023 akiba ya Kenya ya fedha za kigeni ilikuwa karibu dola bilioni 7, chini ya kiwango chake cha miezi 4 ya uagizaji bidhaa. Mwenye kalamu na karatasi aliuliza swali moja: zikitoka bilioni 2 mwezi wa Juni, mafuta na ngano vya mwezi wa Julai vitalipiwa na nini?

Hiyo ndiyo asili ya 160 yako. Haikuwa bei ya vipuri wala ya chai, ilikuwa bei ya hofu ya tarehe moja kwenye kalenda. Hofu ya namna hiyo hujilisha yenyewe. Chai inauzwa kwa mnada hapo hapo Mombasa, tena kwa dola. Aliyelipwa dola zake Januari hakuwa na haraka ya kuzibadili kama aliamini kwamba Februari atapata shilingi nyingi zaidi. Wewe uliyedaiwa Machi ulinunua Januari. Hakuna kati yenu aliyefanya jambo la kipumbavu, lakini kwa pamoja mlibana dola za leo na kuleta mbele mahitaji ya kesho, na soko likajikuta na wanunuzi wa miezi mitatu na wauzaji wa wiki moja. Mchumi Rudiger Dornbusch alionyesha mwaka 1976 kwamba hata watu wenye akili timamu na taarifa kamili wanaweza kuisukuma bei ya fedha ipite mahali itakapokuja kutulia. Ulinunua pale bei ilipokuwa imepitiliza.

Utauliza kwa nini riba haikuizuia, na hapa ndipo sera ya fedha inapoeleweka vibaya zaidi, hata na baadhi ya wanaoiandika magazetini. Desemba 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 kwa siku moja. Hebu tupige hesabu ya mtu mwenye shilingi milioni moja mwaka huo. Dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zimefikia malipo ya karibu asilimia 16 kwa mwaka, yaani asilimia 1.3 kwa mwezi. Dola ilianza mwaka kwenye 123 na kuumaliza kwenye 156, yaani ilipanda kwa asilimia 2 kila mwezi kwa wastani. Aliyelala na dola chini ya godoro alimshinda aliyeikopesha serikali. Ili kumgeuza huyo, riba ingepaswa kupita asilimia 24, na kama hofu ingezidi, ingehitajika zaidi ya hapo. Septemba 1992 benki kuu ya Sweden ilipandisha riba ya usiku mmoja hadi asilimia 500 kuilinda krona, na Novemba hiyohiyo ikasalimu amri.

Linganisha na 2011. Oktoba mwaka huo dola ilifika shilingi 107, mfumuko wa bei ukawa unakaribia asilimia 20, na chanzo kikubwa kilikuwa nyumbani: riba ilikuwa chini mno, shilingi za kukopa zilikuwa rahisi, na benki zilizikopa zikanunulia dola. Benki Kuu ilipandisha riba kutoka asilimia 7 hadi 11, kisha 16.5, kisha 18 mwezi Desemba, na kufikia mwisho wa mwaka dola ilikuwa imerudi karibu na 85. Dawa ilikuwa ileile ya 2023, lakini 2011 iliponya kwa sababu ugonjwa ulikuwa shilingi nyingi, kitu ambacho benki kuu inaweza kukipunguza. Mwaka 2023 ugonjwa ulikuwa upungufu wa dola za kulipia deni, na hakuna benki kuu ya Afrika inayochapa dola.

Je, ingeweza kutoa akiba yake na kuishikilia shilingi kwenye 125? Thailand ilijaribu. Mapema 1997 takwimu zake zilionyesha akiba kubwa inayopita dola bilioni 30, lakini benki kuu ilikuwa imekwisha kuziahidi nyingi kwa mikataba ya kuuza dola siku za mbele, na akiba iliyokuwa huru kweli ilikuwa kidogo sana. Tarehe 2 Julai iliiacha baht, fedha ya nchi hiyo, ijipangie bei sokoni. Kabla ya siku hiyo dola moja ilikuwa baht 25, na Januari 1998 ilizidi 50. Waliobahatika kutoka mapema, kwa bei nzuri, walikuwa matajiri wenye habari. Waliobaki ndani ni wafanyakazi wa viwanda vilivyofungwa. Ndiyo maana sikuilaumu Benki Kuu ya Kenya kwa kukataa kuichoma akiba Januari 2024.

Lawama yangu ni ya mapema zaidi. Mwaka 2022 na mwanzoni mwa 2023, bila shaka unakumbuka, bei iliyotangazwa na Benki Kuu ilikuwa moja na ile uliyopewa na benki yako ilikuwa nyingine, tena ukaambiwa usubiri. Shilingi ilikuwa imeshikiliwa juu kuliko thamani yake, jambo ambalo gavana aliyeingia Juni 2023, Kamau Thugge, alilikiri hadharani. Machi 2023 Rais William Ruto aliwashauri wenye dola waziuze kabla hazijashuka. Wakati huo ilikuwa 130 na ushei, na ikaendelea kupanda kwa miezi kumi. Mpango wa kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Ghuba ulipunguza mahitaji kwa muda, kisha ankara zikaanza kuiva nusu mwaka baadaye. Kama bei ingeachiwa isogee kidogo kidogo tangu 2021, wewe na wenzako mngejirekebisha kila robo mwaka, na pengine msingeiona 160 kamwe. Bei iliyozuiwa kwa miaka miwili ilifidia yote kwa mwaka mmoja. Tanzania yenyewe ilionja jambo hilo mwaka 2023: kiwango rasmi kilisogea taratibu, lakini waagizaji walizunguka benki hadi benki wakitafuta dola ambazo hazikuwepo kwa kiwango hicho.

Kilichoigeuza shilingi kilitokea ndani ya wiki moja. Katikati ya Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya Juni. Siku hizohizo iliuza nyumbani hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, ilitafuta shilingi bilioni 70 na kuletewa zaidi ya bilioni 280, na sehemu ya fedha hizo ilitoka nje kwa dola. Kwa kuwa mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, yeyote anayekuambia kwa uhakika ni lipi lililofanya kazi zaidi anakisia. Ninachokiona ni kwamba Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba Desemba, na Shirika la Fedha la Kimataifa likatoa zaidi ya dola milioni 600 Januari, na bado shilingi iliendelea kuporomoka. Iliposadikika kwamba deni la Juni litalipwa, waliobana dola walizimwaga zote kwa pamoja, na dola ikarudi kutoka 160 hadi 131 bila Kenya kuuza nje kilo moja zaidi ya chai.

Lakini deni halikufutika. Lilihama kutoka riba ya 6.875 kwenda 9.75, na malipo yake yakapangwa kwa mafungu ya 2029, 2030 na 2031. Riba ya Benki Kuu, iliyokuwa imepanda tena hadi asilimia 13, ilibaki hapo mpaka Agosti, na wafanyabiashara wadogo wakakopeshwa kwa zaidi ya asilimia 16. Serikali ilitafuta kodi mpya za kulipia madeni, na Juni hiyohiyo vijana walijaa barabarani wakiupinga Mswada wa Fedha hadi ukaondolewa, baada ya watu kupoteza maisha. Anayeihesabu 131 kuwa ushindi mtupu aiweke na hiyo kwenye mizani. Kuanzia katikati ya 2024 hadi mwisho wa 2025 dola ilikaa karibu na 129, na utulivu huo nao naupokea kwa tahadhari. Shilingi isiyotikisika kabisa katika nchi isiyo na mafuta hunifanya nitazame akiba, na fedha zinazotumwa na Wakenya walio Marekani, Ulaya na Ghuba, zilizopita dola bilioni 4 mwaka 2023, kabla sijaisifu.

Kwa biashara yako, ndugu yangu, usinunue tena dola zote siku moja kwa sababu ya neno la mtaani, liwe la kupanda au la kushuka. Kama ankara ni ya miezi mitatu, nunua theluthi kila mwezi. Hutapata bei nzuri kuliko zote, lakini hutaipata 160 kwa fedha yako yote. Ankara zikizidi uwezo wa kulala usingizi, iulize benki yako mkataba wa kununua dola siku ya mbele kwa bei mnayokubaliana leo, na uhesabu ada yake kama unavyohesabu bima ya kontena. Usikope kwa dola wakati wateja wako wanakulipa shilingi, hata kama riba yake inaonekana ndogo, kwa maana hilo ndilo kosa lililoifikisha serikali hapo ilipofika. Na kwenye daftari lako la mipango andika Mei 2027 na Februari 2028, miezi ambayo hatifungani nyingine za Kenya za dola ziliandikiwa kuiva zilipouzwa, kisha uulize mapema, kabla ya kuweka oda ya Dubai, ni kiasi gani cha madeni hayo kimekwisha kununuliwa na kiasi gani kimebaki.